Orodha Haikutosha: Historia Fupi ya Kula kwa Makini

Mwaka wa 1961, Jean Nidetch alikuwa supamaketi huko Queens, New York. Mama mmoja waliyejuana akamsifu kwamba amependeza, kisha akamuuliza anajifungua lini. Jean hakuwa na mimba. Alikuwa na kilo 97 hivi, na biskuti alizokuwa akizificha bafuni, ndani ya kikapu cha nguo chafu.

Kama umelelewa Kenya, swali hilo unalijua. Kwetu linakuja na tabasamu: "Umenona! Nairobi imekukubali!" Unacheka nao, halafu unafika kwa nyumba unasimama mbele ya kioo.

Jean alienda kliniki ya jiji, akapewa orodha ya vyakula. Orodha ilikuwa sawa. Shida ni kwamba pale hakuweza kumwambia mtu kuhusu zile biskuti. Basi akawaita marafiki sita nyumbani kwake, na kila mmoja akatoa siri yake. Si hiyo ni chama tu? Tofauti ni kwamba hawa hawakuchanga pesa. Kufikia 1963 kikao hicho kilikuwa kampuni, Weight Watchers, na 1978 Heinz wakainunua kwa zaidi ya dola milioni 70.

Lakini katikati ya chama hicho palikuwa na mizani. Kila wiki unapanda, namba inasomwa. Mwaka huohuo wa 1978, Susie Orbach, mtaalamu wa saikolojia wa London, alichapisha *Fat Is a Feminist Issue*. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke mara nyingi hali kwa sababu ya njaa. Anakula hasira, anakula upweke, anakula kuchoka kutazamwa. Ukimpa orodha nyingine, unampa tu kitu kingine cha kushindwa.

Jibu lilitoka upande ambao watu wa dayati hawakuutarajia. Mtawa wa Kibudha kutoka Vietnam, Thich Nhat Hanh, alikuwa ameandika katika miaka ya 70 kuhusu kula chenza kipande kwa kipande, bila akili kukimbilia kipande kinachofuata. Mwaka wa 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo. Zoezi moja lilikuwa zabibu kavu: itazame, inuse, itafune polepole. Ni hayo tu.

Jean Kristeller, mwanasaikolojia wa Indiana, akaipeleka fikra hiyo kwenye sahani. Utafiti wake wa 1999 ulikuwa na wanawake 18 waliokuwa wakila kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Baada ya mafunzo, vipindi hivyo vilipungua kutoka karibu vinne kwa wiki hadi kimoja na nusu hivi. Mwaka wa 2012, Gayle Timmerman na Adama Brown wa Texas walichapisha matokeo ya programu ya wiki sita kwa wanawake 35 wa miaka 40 hadi 59, wale wanaokula hotelini mara kwa mara. Lengo halikuwa kukonda. Lengo lilikuwa wasiongezeke. Walijifunza kusikiliza njaa, kuonja kwa kweli, kuacha ladha inapoanza kufifia. Waliofunzwa wakapungua kilo 1.7 kwa wastani, bila hata kukatazwa kwenda hoteli.

Ni kundi dogo na ni wiki sita, kwa hivyo tusiuze ndoto. Lakini kwetu jambo hili si la mbali: mwaka wa 2014, karibu wanawake 33 kati ya kila 100 nchini walikuwa na uzito uliozidi; kufikia 2022 walikuwa 45.

Mmoja wao ni mamangu. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, nilikuta daktari ameshamwambia ana presha na kumpa orodha. Aliibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Hapohapo ndipo anapokulia: amesimama, sufuria mkononi, baada ya kila mtu kupakuliwa, akimalizia ugali ambao watoto wa dadangu wameacha. Programu ya Texas inachukulia kwamba una kiti, una sahani yako, na una dakika 20 za kungoja tumbo lituma habari. Mama hakuwa na hata moja.

Kwa hivyo sikuanza na zabibu. Jumapili moja nilimpakulia yeye kwanza, nikamwomba aketi. Alilalamika kidogo, akaketi. Katikati ya chakula nikamuuliza, "Mama, umeshiba?"

Akaitazama sahani. "Nilishiba kitambo. Hii namalizia tu isitupwe."

Tukaifunika, tukaiweka kwa friji.