Ng'ombe wa Nkubu, Mbuzi wa Tharaka

Ukitoka Nkubu ukashuka kupitia Mitunguu hadi Tharaka, mifugo hubadilika njiani. Huku juu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ng'ombe wa gredi hukatiwa majani ya nepia zizini. Kule chini, ng'ombe wa zebu na mbuzi hujitafutia malisho vichakani. Wengi husema ni mvua tu. Mvua ni sababu, lakini maamuzi ya watu nayo yamechangia pakubwa.

Enzi za ukoloni, ng'ombe wa gredi walikuwa hasa mali ya walowezi. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliomfungulia Mwafrika mlango: mashamba yaliunganishwa, hati zikatolewa, kahawa na ng'ombe wa maziwa vikahimizwa. Nguvu nyingi zilielekezwa penye mvua ya kutosha, na Imenti, eneo la Nkubu, ilinufaika. Mashamba yalipozidi kugawanywa kwa warithi, ng'ombe alifungiwa zizini na nepia ikapandwa kingoni mwa matuta. Mwaka 1967 vyama vya ushirika vya maziwa vikapata muungano wao, Meru Central Dairy.

Tharaka ilibaki na joto, kupe na mbung'o. Ng'ombe wa gredi angeangamizwa upesi na ndigana ya kupe au nagana ya mbung'o. Mfugaji wa huko alishika zebu na mbuzi kwa busara: hao huvumilia kiu, na mbuzi mmoja huuzwa ada ya shule inapodaiwa.

Pengo liliongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipopunguza huduma za josho, tiba na uhimilishaji. Huku juu, ushirika ulikuwepo wa kuziba nafasi hiyo. Kule chini, mfugaji aliachwa peke yake.

Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianza mradi wa mbuzi wa maziwa Meru na Tharaka-Nithi. Beberu wa Toggenburg walipandishwa kwa mbuzi wa kienyeji, vikundi vya wafugaji vikawatunza beberu hao, na wahudumu wa mifugo wakafunzwa vijijini. Familia zisizomudu ng'ombe zikapata maziwa.

Mradi huo unafundisha jambo kubwa: nyanda kame hazikukosa wafugaji hodari, zilikosa huduma. Kaunti za Meru na Tharaka-Nithi zikipanga bajeti, zimhesabu mbuzi wa Tharaka kuwa uchumi kamili, apate chanjo, daktari na soko kama ng'ombe wa Nkubu.