Amodiakwini: Dawa Iliyokataliwa na Kurejeshwa Burundi

Kizuka na vijiji vingine vya Rumonge vimo katika Imbo, uwanda wa chini unaopakana na Ziwa Tanganyika, ambako joto na maji huwapa mbu mazalia mwaka mzima, tofauti na nyanda za juu za Burundi ambako malaria huzuka kwa milipuko. Kwa miaka mingi pande zote mbili zilitegemea klorokwini, hadi ilipodhoofishwa na usugu, yaani uwezo wa vimelea kustahimili dawa. Na mlipuko wa mwaka 2000 na 2001, ambao wagonjwa wake walizidi milioni 3 katika nchi iliyokuwa vitani, ukailazimisha serikali kutafuta tiba nyingine.

Tiba iliyoanza kutolewa mwaka 2003 ilikuwa na amodiakwini, dawa ya tangu miaka ya 1940 ambayo wasafiri kutoka Ulaya na Marekani waliimeza kila wiki kama kinga, hadi katikati ya miaka ya 1980 ilipobainika kwamba baadhi yao walipatwa na ugonjwa wa ini au walipungukiwa mno na chembe nyeupe za damu, ambazo hupambana na maambukizi, na wengine wakafariki. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza hata kwa tiba, lakini mapitio ya Piero Olliaro na wenzake, yaliyochapishwa mwaka 1996 katika jarida la Lancet, yalionyesha kwamba kwa wagonjwa iliishinda klorokwini bila madhara ya kutishia uhai, na shirika hilo likalegeza msimamo wake.

Burundi iliiambatanisha na artesuneti katika dawa mseto inayomezwa mara moja kwa siku kwa siku 3: artesuneti huangamiza vimelea upesi, na amodiakwini, inayodumu zaidi mwilini, humaliza vilivyosalia.

Kimaadili, hatari isiyovumilika kwa msafiri mzima wa afya, mwenye kinga nyingine za kuchagua, haiwezi kuwa kipimo cha mtoto wa Kizuka anayeungua kwa homa. Hata hivyo, majaribio ya wagonjwa wachache hayawezi kufichua madhara adimu, hivyo anayerejesha dawa ya namna hiyo anawajibika kuwaeleza wagonjwa historia yake na kufuatilia madhara zahanati kwa zahanati. Urejeshaji ulikuwa wa haki; bila ufuatiliaji huo, haki hiyo ni nusu.