Swali la njia: miaka arobaini na mitano ya kuifundisha kompyuta kufuata nasaba

Mwaka 1970 Edgar Codd wa IBM alipendekeza data zote zipangwe katika majedwali, na wazo lake linatawala hifadhidata hadi leo. Lakini lilizaliwa na pengo. Chukua jedwali la wazazi na watoto. Ukimtaka babu wa mtu, unaliunganisha jedwali na lenyewe mara moja. Ukimtaka baba wa babu, mara mbili. Ukiwataka mababu wote, bila kujua ni vizazi vingapi, umekwama. Mwaka 1979 Alfred Aho na Jeffrey Ullman walithibitisha kwamba pengo hilo limo katika aljebra yenyewe ya Codd, yaani kanuni za kuchuja na kuunganisha majedwali. Dawa waliyopendekeza ni urudiaji: lichukue jibu ulilonalo, lipanue kwa hatua moja, uendelee hadi kisipatikane kipya.

SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata za majedwali, iliuingiza urudiaji huo katika kiwango chake mwaka 1999. Miaka ishirini kwa swali ambalo kila mwenye ukoo huliuliza ni mingi mno.

Kule Toronto hawakusubiri. Mwaka 1987 Isabel Cruz, Alberto Mendelzon na Peter Wood walibuni lugha ya kuuliza grafu, yaani nodi zilizounganishwa kwa viungo, ambamo muulizaji anaeleza umbo la njia anayoitafuta. Kwangu mimi, hapo ndipo fani hii ilipopata sura yake.

Balaa lilikuja na SPARQL, lugha ya data za wavuti. Rasimu ya toleo la 1.1 iliitaka kompyuta ihesabu njia zote, si kuthibitisha tu kwamba njia ipo. Chora nodi 8, kila moja iunganishwe na zote nyingine: kutoka moja hadi nyingine, bila kurudia nodi, kuna njia 1,957. Fanya nodi ziwe 12, na njia zinafika 9,864,101. Mwaka 2012 Marcelo Arenas, Sebastián Conca na Jorge Pérez kutoka Chile walionyesha programu zikilemewa na grafu ndogo kama hizo. Shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, liliwasikiliza: kwa njia zisizo na kikomo, kiwango cha Machi 2013 kinauliza tu kama njia ipo.

GQL, kiwango cha kimataifa cha Aprili 2024 cha kuuliza grafu, hakikubali njia isiyo na kikomo mpaka mwandishi ataje kwa neno anataka ipi, kwa mfano: fupi kuliko zote, au isiyorudia nodi, au isiyorudia kiungo. Nawasihi waandishi wa programu wasilichague neno hilo kwa mazoea.