Mkono wa Mtoto na Lugha ya Darasa: Historia ya Ufundishaji wa Mwandiko Bwera, Uganda Magharibi

Mjadala wa elimu ya msingi katika Bwera, mji wa mpakani wilayani Kasese, umetawaliwa na swali moja: mtoto afundishwe kwa lugha gani? Swali la pili, yaani mkono wake ufundishwe vipi kuandika, limeachiwa mwalimu mmoja mmoja. Makala haya yanadai kwamba kila mageuzi ya lugha ya kufundishia yalibadilisha pia kazi ya mkono, na kwamba mtoto mwenye mwandiko mgumu ndiye aliyebeba gharama ya kutolitambua jambo hilo.

Kabla ya uhuru, Bwera ilikuwa chini ya Ufalme wa Tooro, na Rutooro ndiyo iliyotumika shuleni. Mtoto wa Kikonzo aliyezungumza Lhukonzo nyumbani aliandika maneno ya lugha nyingine. Alijualo mtoto hulibeba kichwani, akaliandika kwa kufuata sauti yake. Asilolijua hulinakili herufi kwa herufi, macho yakipanda ubaoni na kushuka kila mara. Mwenye vidole vizito huchoka kabla sentensi haijaisha. Isaya Mukirane, kiongozi wa vuguvugu la Rwenzururu lililotangaza kujitenga na Tooro mwaka 1962, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kupuuzwa kwa lugha ya Wakonzo kulikuwa miongoni mwa malalamiko ya vuguvugu hilo. Hata hivyo, dai lilikuwa la haki ya lugha. Ufundi wa kuandika haukuwa sehemu yake.

Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1997, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Sera hiyo iliwapa kipaumbele watoto wenye ulemavu, na walimu wa elimu maalumu walikuwa wakiandaliwa Kyambogo, katika taasisi iliyokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo mwaka 2003. Lakini ugumu wa mwandiko hauonekani kwa macho. Mtoto hutembea, husikia na hujibu vizuri kwa mdomo. Daftari lake tu ndilo lenye herufi zilizopinduka na mistari iliyopanda. Katika darasa lililofurika, ni rahisi kumwita mvivu. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ilipiga marufuku viboko shuleni. Haikuweza peke yake kuondoa dhana iliyovileta.

Mtaala wa mwaka 2007 ulirudisha lugha za nyumbani katika madarasa matatu ya kwanza, na Lhukonzo ikapata nafasi Bwera. Faida yake ni kubwa, kwani sauti sasa humtangulia mtoto kabla ya herufi. Lakini tahajia ina mzigo wake. Neno *omwana* lina irabu ya mwanzo ambayo *mwana* ya Kiswahili haina, na jozi ya *lh* huhitaji mistari miwili mirefu iliyosimama sambamba. Darasa la nne huanza mpito wa kufundishwa kwa Kiingereza, chenye herufi nyingi zisizotamkwa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima. Kwa Bwera, ambako Kiswahili husikika katika soko la Mpondwe, tahajia yake iliyo karibu na matamshi inaweza kuwa msaada, iwapo haitaletwa kama kazi nyingine ya kunakili.

Msaada wenyewe hauhitaji vifaa vya gharama. Mtoto hufinyanga udongo na kuchambua maharage ili vidole vipate nguvu. Huchora herufi kubwa mchangani kabla ya kushika penseli. Hukaa miguu ikigusa sakafu. Herufi hufundishwa kwa makundi ya mwendo: *a*, *d* na *g* pamoja, kisha *n*, *m* na *h*. Atumiaye mkono wa kushoto huachwa autumie, karatasi yake ikiinamishwa upande wa kulia. Wakati mkono unakua, maarifa yake hupimwa kwa mdomo. Mtoto asiyepiga hatua baada ya msaada huo apelekwe kwa mtaalamu.

Kwa washauri wa sera, historia hii ina mapendekezo matatu. Kwanza, kila lugha inayoingizwa darasani iambatane na muda wa kufundisha mwandiko wake. Pili, walimu waelekezwe kutenga kosa la tahajia na kosa la umbo la herufi, kwa kuwa la kwanza ni la lugha na la pili ni la mkono. Tatu, ugumu wa mwandiko utambuliwe kabla ya darasa la nne, maana mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa maandishi. Bila hayo, mtoto anayejua jibu ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa wasiolijua.