Mlimani na Bondeni: Tarehe ya Columbia na Majirani Zake wa Harlem

Chuo Kikuu cha Columbia kilianza mwaka 1754 kwa jina la King's College, kwa hati ya Mfalme George wa Pili wa Uingereza. Kilikuwa na wanafunzi 8 tu, nao wakisomea katika jengo la shule la kanisa la Trinity, kusini kabisa mwa kisiwa cha Manhattan. Wamarekani walipojitawala, kikabadilishwa jina na kuitwa Columbia, 1784. Jiji la New York likawa linajitanua kuelekea kaskazini, na chuo nacho kikalifuata. Mwaka 1857 kilihamia mtaa wa 49. Mwaka 1897, chini ya rais wake Seth Low, kikapanda hadi kilima cha Morningside Heights, kwenye viwanja vilivyokuwa vya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bloomingdale. Low alitoa dola milioni 1 za mfukoni mwake kujenga maktaba kwa kumbukumbu ya baba yake, na jengo hilo bado lipo. Tangu hapo chuo hakijahama tena; wanaohama ni majirani.

Tarehe hii haieleweki bila kujua ardhi yenyewe ilivyokaa. Chuo kiko juu. Upande wa mashariki mwamba unakatika ghafla na kushuka kwenye bustani ya Morningside, ndefu na nyembamba, na chini yake ndiyo Harlem, iliyokuja kuwa makao makuu ya Wamarekani weusi katika karne ya 20. Upande wa kaskazini kilima kinateremka hadi bonde la mtaa wa 125, mahali panapoitwa Manhattanville. Hicho kilikuwa kijiji cha peke yake, kilichopimwa viwanja mwaka 1806, enzi ambazo jiji lilikuwa bado liko mbali kusini. Kanisa lake la St. Mary's lilianzishwa 1823, na mwaka 1831 likafuta ada waliyokuwa wakitozwa waumini ili wapate mabenchi ya kukalia. Bonde hilo lina kina kiasi kwamba treni ya chini ya ardhi, ilipofunguliwa 1904, ililazimika kuchomoza hapo na kupita juu ya daraja la chuma, halafu ikazama tena. Chini ya daraja hilo vikaja viwanda vya maziwa, jengo la kampuni ya magari ya Studebaker mwaka 1923, wauza nyama wa jumla, gereji, maghala ya kukodi. Palikuwa mahali pa kazi za mikono, na waliozifanya wengi walikaa jirani tu.

Kwa nusu karne ya kwanza mlima na bonde viliishi bila kugusana sana. Mambo yalianza kubadilika baada ya Vita Kuu ya Pili, familia maskini, weusi na Wapuertoriko, zilipoingia kwenye nyumba za kupanga za kilimani penyewe. Mwaka 1947 Columbia na taasisi jirani ziliunda kampuni iliyoitwa Morningside Heights, Inc., David Rockefeller akiwa rais wake. Kwa mpango wa serikali wa kubomoa na kujenga upya, mitaa ya kaskazini mwa chuo ikasafishwa, na miaka ya 1956 na 1957 yakasimama maghorofa ya serikali ya General Grant kwa wenye kipato kidogo, na Morningside Gardens ya ushirika kwa wenye kipato cha kati. Mwaka 1953 jiji lilikuwa limekiuzia chuo kipande cha mtaa wa 116, kati ya barabara za Broadway na Amsterdam, kwa dola 1,000. Magari yakazuiwa, lakini watembea kwa miguu wakaendelea kukatiza hapo kama zamani.

Miaka ya 1960 chuo kilinunua nyumba kwa kasi, zaidi ya 100, nyingi zikiwa za chumba kimoja kimoja zilizokuwa zikikaliwa na wazee na maskini. Wapangaji walitolewa, mmoja mmoja au jengo zima. Anayejua maisha ya kupanga hahitaji kuelezwa zaidi: huambiwi uondoke, ila lifti inaharibika na haitengenezwi, na kipasha joto kinazimika katikati ya baridi kali.

Kilichowasha moto, hata hivyo, kilikuwa jumba la michezo.

Mwaka 1961 chuo kilikodishwa zaidi kidogo ya ekari 2 ndani ya bustani ya Morningside, mali ya umma, kwa kodi ya dola 3,000 kwa mwaka. Mpango ulikuwa kujenga jumba la michezo kwenye mteremko wa mwamba. Wanafunzi wangeingilia juu, upande wa kampasi, na kutumia sehemu kubwa ya jengo. Watu wa Harlem wangepewa sehemu ndogo ya chini, na mlango wao ungekuwa bondeni. Watetezi wa mpango huo walisema milango miwili ililetwa na umbo la ardhi tu, na kwa mchoraji ramani huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini ilikuwa Marekani ya miaka ya 1960, na mtu mweusi aliyeoneshwa mlango wa nyuma na wa chini katika bustani ya jiji lake mwenyewe hakuhitaji kufafanuliwa. Waandamanaji wakauita mradi huo Gym Crow, wakiutania kwa jina la Jim Crow, sheria za ubaguzi za majimbo ya kusini.

Matingatinga yaliingia bustanini Februari 1968. Aprili 4 Martin Luther King akauawa. Aprili 23 wanafunzi waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam na wale waliokuwa wakipinga jumba la michezo walikutana kampasini, wakateremka hadi kwenye ujenzi na kung'oa sehemu ya uzio, kisha wakarudi na kuliteka jengo la Hamilton. Usiku huo wanafunzi weusi waliwaomba wenzao weupe watoke wakatafute majengo mengine. Wao wakabaki Hamilton, wakafagia, wakapanga zamu, na kina mama wa Harlem wakawapandishia chakula. Nadhani hapo ndipo uongozi wa chuo ulipobanwa kweli. Kuwapiga vijana weupe wa tabaka la kati ilikuwa aibu; kuwapiga vijana weusi huku Harlem nzima ikitazama kutoka chini ya mlima ilikuwa hatari. Polisi walipoingia alfajiri ya Aprili 30 wakakamata takriban watu 700, waliokuwa Hamilton walitoka kwa utulivu wakiongozwa na mawakili wao. Damu ilimwagika kwenye majengo mengine.

Rais wa chuo, Grayson Kirk, aliachia ngazi Agosti mwaka huo. Jumba likafutwa. Chuo kikajenga jingine chini ya ardhi ndani ya kampasi yake, lililofunguliwa 1974, jambo ambalo lingewezekana tangu mwanzo. Shimo lililochimbwa bustanini lilikaa wazi kwa miaka mingi, kisha likageuzwa bwawa lenye maporomoko madogo ya maji. Wanaolipita leo wakiwa na watoto wao si wote wanaojua kwamba ni msingi wa jengo.

Miaka thelathini iliyofuata chuo kilitembea kwa tahadhari. Mwaka 1985 kikauza ardhi iliyo chini ya Rockefeller Center, ambayo kilikuwa kikiimiliki tangu zamani, kwa dola milioni 400. Fedha kilikuwa nazo. Kilichokosekana ni nafasi.

Mwaka 2003 rais mpya, Lee Bollinger, akautangazia umma mpango wa kujenga kampasi ya pili ya ekari 17 bondeni, kutoka mtaa wa 125 hadi wa 133. Msanifu ni Renzo Piano, na gharama iliyotajwa ilifika dola bilioni 6.3. Bollinger aliijua historia ya 1968 vizuri, na alisema wazi kwamba kampasi hii haitakuwa na kuta wala mageti. Bodi ya wakazi wa eneo hilo ilikuwa na mpango wake yenyewe, uliotaka viwanda na kazi za mikono zibaki pamoja na nyumba za bei nafuu, na Agosti 2007 ikaukataa mpango wa chuo kwa kura 32 dhidi ya 2. Kura hiyo ni ya ushauri tu. Desemba mwaka huohuo madiwani wa jiji wakaupitisha.

Wengi wenye majengo walikuwa wamekwisha kuuza. Waliogoma ni wachache, maarufu wakiwa Nick Sprayregen, mwenye maghala ya kuhifadhi mizigo, na familia ya Gurnam Singh na Parminder Kaur, wenye vituo viwili vya mafuta. Jimbo la New York likaamua kutumia mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma na kulipa fidia. Nyumba za kuishi hazikuguswa na mamlaka hayo, biashara ziliguswa. Sheria ilidai ithibitishwe kwanza kwamba eneo limechakaa. Hapa ndipo palipo kiini cha kesi. Wataalamu waliopita na daftari wakihesabu paa zinazovuja na kuta zilizopasuka walikuwa kampuni iliyokuwa pia ikilipwa na Columbia kwa mradi uleule, na sehemu kubwa ya majengo yaliyokutwa mabovu yalikuwa mali ya Columbia yenyewe. Desemba 2009 mahakama ya rufani ya ngazi ya kati iliona hivyo, ikawapa ushindi wenye biashara kwa majaji 3 dhidi ya 2. Juni 2010 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikautengua uamuzi huo, majaji wote wakikubaliana: uchakavu uthibitishwe na serikali, mahakama isijiingize, na chuo binafsi nacho kinaweza kuwa manufaa ya umma. Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi.

Kwa upande wao, majirani waliandikiana mkataba na chuo, Mei 2009, wa thamani ya dola milioni 150. Sehemu yake ilikuwa mfuko wa dola milioni 76, pamoja na shule, nyumba za bei nafuu na msaada wa kisheria kwa wapangaji. Si haba. Ila ukiulinganisha na bilioni 6.3 utaona nani alikuwa na haraka na nani alikuwa na njaa.

Majengo ya kwanza, kituo cha sayansi cha Jerome L. Greene na kituo cha sanaa cha Lenfest, yalifunguliwa kuanzia 2016, na shule ya biashara ikahamia bondeni 2022. Ahadi ya kutoweka kuta imetimizwa huko chini: ghorofa za chini ni vioo, na mtu yeyote anakatiza. Kwa kinyume, ni mlimani ndiko kulikofungwa. Tangu maandamano ya Gaza ya 2024, polisi walipoingia tena Hamilton, na tena ikiwa Aprili 30, kipande kile cha mtaa wa 116 kimefungwa mageti na kuwekewa ukaguzi wa vitambulisho, na baadhi ya majirani wakafungua kesi.

Limebaki suala la kodi. Katiba ya jimbo la New York inaisamehe kodi ya majengo mali inayotumika kwa elimu, na mwaka 2023 gazeti la New York Times lilionesha kwamba Columbia imekuwa mwenye mali binafsi mkubwa kuliko wote jijini kwa idadi ya anwani, ikisamehewa zaidi ya dola milioni 182 kwa mwaka. Mwezi Desemba mwaka huo mbunge mmoja wa jimbo, pamoja na Seneta John Liu, walipeleka muswada wa kuifuta nafuu hiyo kwa Columbia na Chuo Kikuu cha New York, fedha ziende kwa chuo cha umma cha jiji. Mbunge huyo alikuwa Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala aliyekulia Morningside Heights. Baba yake, Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, naye ni profesa wa Columbia. Januari 1, 2026 Zohran akaapishwa kuwa meya wa New York. Muswada huo, kwa kuwa unabadili katiba, ni lazima upitishwe na mabunge mawili ya jimbo yanayofuatana, kisha upigiwe kura na wananchi. Meya hana sauti ya kisheria katika hatua hata moja kati ya hizo.