Mwana wa Kindu aliyeimba Kiswahili

Sisi watu wa Maniema tuna ngoma nyingi. Walega, Wasongola, Wazimba, Wakusu, Wabangubangu: kila kabila lina nyimbo zake. Hizo ni mali ya mababu. Lakini kuna muziki mwingine uliotufikia kwa njia ya reli na ya mto Lualaba.

Kindu ni muji wa bandari na stesheni. Reli ya kwenda Kongolo ilijengwa mbele ya vita ya 1914, na mashua zilikuja toka Ubundu. Wageni wakaja na gita, kisha zikaja sahani za gramofoni na redio. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy alitoa Marie-Louise. 1953 ikazaliwa African Jazz ya Kabasele, 1956 OK Jazz ya Franco. Muziki huo ulitoka Léopoldville, na karibu wote ni wa Lingala. Basi tukazoea: Kiswahili nyumbani, Lingala mu bare.

Mu muji huu huu, mwaka 1947, alizaliwa Ramadhani Mtoro Ongala, yule tunayemwita Remmy. Mama yake alikuwa amepoteza watoto wawili. Mganga akamwambia huyu asikatwe nywele. Baadaye watu waliziona kama nywele za Bob Marley. Kumbe mwanzo wake ni desturi ya kwetu.

Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kuimba na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Gita ilibaki ya Kongo, maneno yakawa ya Kiswahili: umaskini, kifo, ubaguzi. Mu Mambo kwa Soksi alionya watu juu ya ukimwi, sisi tunasema sida, na redio ya serikali ikakataa kuupiga. Mwaka 1989 Songs for the Poor Man ilitolewa Uingereza. Alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kule Sinza, mahali alipokaa panaitwa kwa Remmy.

Juu gani tunaandika haya? Juu watoto wetu wanajuaka nyimbo za Kinshasa zote, lakini ukiwauliza Remmy ni nani, wengi wananyamaza. Hatusemi Lingala ni mbaya. Sisi pia tunaicheza. Tunasema tu kwamba Kiswahili chetu hakikushindwa na gita, ila kilisikilizwa kwa jirani mbele ya kusikilizwa kwetu. Wazee waliocheza mu orkesta za zamani wamebaki wachache. Tuwaulize leo na tuandike, mbele hawajatuacha.