Mtambile na Kiti cha 23

Leo twaeleza khabari ya Mtambile, Pemba, na Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar.

Januari 1961 viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na chama cha Watu wa Unguja na Pemba 3. Watatu hao wakagawanyika: wawili wakawafuata Hizbu, mmoja Afro-Shirazi. Ikawa 11 kwa 11, asipatikane mwenye wingi. Ndipo likaongezwa jimbo la Mtambile, ili viti visigawike sawasawa.

Juni uchaguzi ukarudiwa: Afro-Shirazi 10, Hizbu 10, chama cha tatu 3. Muhammad Shamte akaunda serikali pamoja na Hizbu. Lakini fujo za uchaguzi huo ziliua watu 68. Hesabu ilipatikana, mapatano hayakupatikana.